Ribiti Kumi na Saba

Juzi, baada ya swala ya Ijumaa, mmoja wenu vijana aliniuliza kwa Kiingereza, mbele ya wazee wenzangu waliokuwa wakitafuta viatu vyao, kama ni kweli nimestaafu kutoka kazi ya kutengeneza matoi. Wazee wakacheka. Mmoja wao, aliyebeba maboksi ghalani mpaka kiuno kikagoma, alicheka kuwashinda wote. Sikujibu palepale, kwa sababu mlango wa msikiti si mahali pa ugomvi. Najibu leo kwa maandishi, nanyi mnaojua kusoma Kiswahili msomeeni na yule asiyejua.

Hayakuwa matoi. Toi mtoto hulivunja, akalia, akasahau. Vitu vyetu walivinunua watu wazima wenye mvi, na kimoja kikipata mkwaruzo hawakusahau mpaka kaburini. Tulitengeneza mifano ya injini za mvuke za Kiingereza, zile zilizovuta treni zamani. Tulizitengeneza kwa shaba na bati, urefu wa mkono tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kila kitu kilitakiwa kiwe kama kilivyokuwa mwaka fulani. Wateja wengine walitaka na mwezi. Alikuwepo mmoja aliyetaka injini yake iwe ya siku ya manyunyu. Nikamuuliza kwa utani, manyunyu ya asubuhi au ya jioni? Akanijibu kwa barua ya kurasa mbili.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupaka uchafu. Ndiyo, chekeni mmalize. Masizi, vumbi, kutu, mafuta, chokaa inayoachwa na maji ya moto yakikauka: vyote hivyo vilikuwa vyangu. Ujanani kule Tabora niliajiriwa kwenye karakana ya reli kuziosha injini hizohizo, za kweli, zilizoletwa na meli kutoka Uingereza, na msimamizi akikuta masizi nyuma ya gurudumu ulikiona cha mtema kuni. Nikazeeka, nikavuka bahari, nikaajiriwa kuyarudisha masizi yaleyale. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Buffalo nusura iwe ya mwisho. Mwenye karakana alikuwa Mmarekani mmoja mwembamba, mpole, jina lake Bwana Dale. Alinionyesha meza yangu, akaniachia injini moja juu yake, akaenda kutafuta kahawa. Naitazama ile injini: chafu! Masizi mpaka kwenye jina lake. Kwa kuwa zamani niliajiriwa kuosha, nikadhani na hapa nimeitwa kuosha, nikaona haya kwa niaba yao. Nikachukua tambara, nikalilowesha mafuta ya taa kidogo, nikaanza juu kwenye bomba la moshi nikishuka chini, kama tulivyofundishwa. Bwana Dale aliporudi, injini ilikuwa inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na mimi nimesimama pembeni nikisubiri kusifiwa. Ule uchafu alikuwa ameupaka kwa wiki sita.

Alikaa chini sakafuni, na kikombe chake mkononi. Sikujua Kiingereza cha kutosha kuomba radhi kwa kosa kubwa kiasi kile, kwa hiyo nilikaa sakafuni na mimi.  Kisha akaniuliza kwa nini nilianza kusafisha kwenye bomba la moshi. Nikamwambia, ukianza chini, masizi ya juu yatakuangukia, utarudia kazi. Akaniuliza na hapa je, kwa nini pamebaki rangi hafifu? Nikamwambia hapo ndipo mkono wa msafishaji huishia, juu ya hapo anahitaji ngazi, na ngazi karakana nzima ilikuwa moja. Akainuka. Akasema mtu anayejua njia ya kuuondoa uchafu anaijua na njia uliyojia. Basi nikapewa brashi.

Niwape siri za kazi, maana hazina kodi. Uchafu una utaratibu wake. Haumwagwi kama unga. Kwanza jua hufifisha rangi. Halafu mafuta huvuja, vumbi likaja likakamata kwenye mafuta, mvua ikaja ikachora mistari juu ya vumbi, na mwisho masizi yakatua mgongoni. Ukikosea mfuatano huo umetengeneza injini iliyoangukia matopeni, si injini iliyofanya kazi. Vumbi la Uingereza ni la kijivu na la Tabora ni jekundu. Usipake kwa brashi mpya, tafuta mswaki uliochoka. Na daima jiulize msafishaji alikuwa mrefu kiasi gani. Mimi injini zangu zote zilisafishwa na mtu mfupi, kwa sababu mimi ni mfupi, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuligundua hilo.

Bwana Dale nilimpatia Louisville, nilipokuwa nikikaa kwa mwanangu. Kulikuwa na maonyesho ya treni ndogo, mwanangu akanipeleka ili nisishinde ndani nikigombana na televisheni. Nikasimama mbele ya meza yake nikamwambia mwanangu kwa sauti, nikidhani hakuna anayetusikia, kwamba injini ile ni ya uongo: masizi yamepakwa ubavuni, na bomba la moshi lenyewe safi kama sufuria ya bi harusi. Mwanangu, Mungu amsamehe, akatafsiri. Badala ya kukasirika yule Mmarekani akaniuliza nilijuaje. Mwezi haukuisha nikahamia Buffalo, na theluji nikaionea huku.

Sasa niwaambie kuhusu wataalamu. Hawa ni wazee wastaafu, wengi wao hawajawahi kupaka mafuta kwenye hata bawaba ya mlango, lakini wanajua kila kitu. Nimewaona wawili waliokuwa marafiki tangu utotoni wakinuniana miaka kwa ajili ya rangi ya kijani. Mmoja alisema kijani cha injini fulani kilikuwa na chembe ya njano, mwenzake akasema cha buluu. Injini yenyewe ilikatwa vyuma chakavu kabla hawajazaliwa. Mimi nilipowaambia kwamba karakana hupaka rangi iliyopo kwenye ndoo, na ikipungua huongezwa nyingine, walinitazama kama niliyetukana mama zao.

Mwenzangu kazini alikuwa Mama Riziki, Mkongomani wa Uvira, anayekaa kule mtaa wa Lower West Side. Vidole vyake vilikuwa na utulivu ambao sijauona kwa fundi mwingine. Kazi yake ilikuwa ribiti. Ribiti ni vile vifungo vya chuma vyenye vichwa vya mviringo vinavyoshika bamba na bamba; kwenye mfano vilikuwa vidogo kuliko ulezi, naye alivibandika kimoja kimoja kwa kibano, mamia, huku akiimba nyimbo za kanisani. Wataalamu walikuwa wakivihesabu. Sitii chumvi, walivihesabu, na picha mkononi.

"Mzee Mrisho," aliniambia siku moja, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake, "miye kwetu nilikimbia vita, nikakaa kambini, nikavuka bahari. Bon. Nafika Amerika, muzungu ananiambia ribiti moja haiko. Moja tu! Donc arudishe injini yote?"

"Ongeza moja, Mama."

"Naongeza. Lakini nacheka ndani ya roho."

Jambo moja tuligombana naye kila wiki. Alizoea kufungua sanduku langu la zana kuchukua mkasi, nami nilikuwa mkali kwa hilo. Sanduku la zana la mtu haliguswi. Nilifundishwa hivyo na mtu aliyenifundisha kazi, Mzee Mlekwa, dereva wa treni, nami nimewafundisha hivyo wanangu na yeyote aliyekaa meza ya jirani. Nitawaeleza huyo Mzee Mlekwa alikuwa nani, kwa maana bila yeye kisa hiki hakina miguu.

Nilipopandishwa kutoka usafishaji nikawa msaidizi wa dereva, nilipewa yeye. Mtu mrefu, mkimya, koti lake limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa la utosi. Alinifundisha kusikiliza injini kwa nyayo. Alinifundisha kunusa maji kabla ya kuyajaza. Nyuma ya tenda, lile behewa dogo linalofuata injini likibeba maji na mafuta ya kuwashia, palikuwa na sanduku kubwa la zana. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kulifungua. Akanipiga kofi la mkono, dogo tu. "Mrisho," akasema, "sanduku la dereva haliguswi. Hiyo ndiyo heshima ya kazi." Nikaitika. Siku moja tulikwama njiani na spana ilihitajika, akaenda kuichukua mwenyewe, akakaa sana, akarudi bila spana, akasema zana zimebaki karakana. Tulikaza ile nati kwa jiwe na ulimi wa mkanda. Nikaona jinsi mtu huyu asivyokubali kulegeza kanuni hata akiwa na shida, nikazidi kumheshimu.

Miaka yangu ya mwisho kazini, ikaja oda ya daktari wa meno mmoja mstaafu wa Columbus. Alitaka injini ya Kiingereza, lakini si ya Uingereza. Alitaka iliyokuwa ikitoka Tabora kwenda Dodoma na Morogoro, kama ilivyoonekana katika picha moja iliyomo kwenye kitabu kinene cha reli. Bwana Dale akakifungua kitabu juu ya meza yangu, na mimi nikaishika meza.

Injini ilikuwa yetu, namba yetu. Imesimama kwenye kituo kidogo kabla ya Dodoma, abiria wako chini, na ubavuni mwa tenda umeshuka mstari mweusi unaong'aa. Pembeni mwa mstari kuna vidoti kumi na saba. Chini ya picha pameandikwa kwamba doa hilo ni mafuta yaliyovuja kwa uzembe wa dereva Mlekwa, na kwamba vile vidoti ni ribiti za ziada zisizomo kwenye michoro ya kiwanda, dalili kwamba tenda liliwahi kutiwa kiraka. Wataalamu walikuwa wamebishana juu ya kiraka hicho kwa miaka. Wengine walisema kilitiwa Nairobi, wengine Dar es Salaam.

Vijana, hakikuwepo kiraka. Wale walikuwa nyuki.

Nani asiyeijua asali ya Tabora? Nilikuwa na debe langu moja, nampelekea shangazi Morogoro, na kubeba mzigo wa biashara juu ya injini lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Nililifunga juu ya ukingo wa tenda, nikalifunika gunia. Nililifunga vibaya. Jua likalipiga, kifuniko kikaachia, na tulipofika kituo kile asali ilikuwa imeshuka ubavu mzima na nyuki wa pori lote wamealikwa. Abiria wa daraja la tatu wakatoka kwa madirisha. Mzungu mmoja akawa anapiga picha. Mzee Mlekwa akanong'ona, "Tupa!" nikalirusha debe vichakani upande wa pili, na kabla sijajifuta mikono akaja mkaguzi wa reli kutoka behewa la daraja la kwanza, amejifunika gazeti kichwani.

"Nini hii, Mlekwa?"

"Mafuta, bwana. Yamevuja. Sikukaza sawasawa, kosa ni langu."

"Na nyuki hawa?"

"Nyuki wa huku, bwana, hawachagui."

Mkaguzi hakutaka kukaa pale kuhoji nyuki. Aliandika uzembe. Mzee Mlekwa akaondolewa njia kuu, akashushwa uani kupanga mabehewa, mbele nyuma, mbele nyuma, zaidi ya mwaka. Mimi nilibaki na kazi yangu. Hakunitaja, na hakunisema hata tulipokuwa wawili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wetu ule ulipanda meli, ukapigwa chapa, ukatiwa jalada gumu, ukanisubiri Buffalo.

Kila Idi tangu mwaka ule nilimpelekea kanzu. Nilipohama Tabora nilituma. Nilipofika Amerika nilituma, nzuri zaidi, zenye tarizi kifuani. Watu waliotoka kwake waliniambia huipokea, huishika, akashusha pumzi ndefu, kisha akasema, "Mwambieni nimeipata." Pumzi ile iliniuma kuliko tusi. Alipofariki nililia nikiwa peke yangu garini, hapa Buffalo, mbele ya duka la matairi, kwa sababu nilijua deni lile sasa halina wa kulipwa.

Sasa kilichonitia kiwewe ni hiki. Daktari alitaka kando ya mfano kisimamishwe kibao kidogo chenye maneno yaleyale ya kitabu: uzembe wa dereva Mlekwa. Kwanza ungeonyeshwa Columbus mbele ya waamuzi, kisha ukae kwenye kabati la kioo nyumbani kwake, atakaloliachia jumba la makumbusho. Na binti yake Mzee Mlekwa, Zuhura, anakaa Louisville, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi mwenyewe, kwa kiherehere, nilikuwa nimempigia simu mapema, kabla sijaona kitabu, kumwambia tunatengeneza injini aliyoiendesha baba yake.

"Nitakuja, Kaka Mrisho," akasema. "Nakuja na wanangu wote watatu. Hawa wanadhani babu yao ni hadithi yangu tu. Wacha wamwone."

Watamwona, nikawaza. Watamwona kwenye kibao, kwa Kiingereza wanachokijua vizuri: mzembe.

Nilimweleza Bwana Dale kila kitu. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini mteja ana kitabu." Tukampigia daktari. Daktari akauliza nina hati gani. Nikamwambia sina hati, nilikuwepo. Akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea kung'oa meno, kwamba kumbukumbu za wazee haziaminiki. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minne.

Ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo silijutii. Wiki ya mwisho kabla ya maonyesho nilimwambia Mama Riziki azing'oe zile ribiti kumi na saba.

"Ati nini? Nimezibandika jana!"

"Si ribiti, Mama. Ni nyuki."

Alinitazama, akaitazama picha, akacheka mpaka akashika meza. "Bazungu banasema ribiti, Mzee ulikuwepo unasema nyuki. Donc minatengeneza banyuki." Akazing'oa, akatengeneza viwiliwili vidogo kumi na saba kwa nta, akavitia mbawa za ganda la kitunguu kwa gundi. Mimi nikalifuta doa la mafuta nikapaka la asali, maana yanatofautiana: mafuta hukauka yakafa, asali huvuta vumbi jekundu likaganda kingoni. Juu ya ukingo nikaweka debe moja, limeinama. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Columbus, daktari alipoinua kitambaa, uso ulimbadilika rangi mbele ya watu. Kijani chenye buluu, kama mtauliza. Waamuzi watatu wakainama na kurunzi zao na vioo vya kukuzia. Nikaomba ruhusa, nikasimama, nikakiri mbele yao kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: debe, asali, nyuki, mimi. Mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasema kuna tatizo. Kwa kipimo cha mfano huu, nyuki wangu ni wakubwa kama njiwa.

Na kweli walikuwa wakubwa. Nyuki wa kipimo sahihi asingeonekana kwa jicho. Wakajadiliana hapo kwa dakika nyingi, wakaamua hivi: ribiti zingekuwa sahihi kwa kipimo, nyuki si sahihi. Kwamba ribiti hazikuwepo na nyuki walikuwepo, hilo halikuwa na sehemu yake kwenye fomu. Wakakata alama. Kibao kikabaki pale pale.

Nilipogeuka, Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu, na ushungi wake na viatu vyake vya kazini, wanawe watatu ubavuni. Alikuwa amekwisha kukisoma.

Nilimshika mkono nikamvuta kando. Nikasema, "Zuhura mdogo wangu, baba yako hakuwa mzembe. Asali ile ilikuwa yangu. Alibeba kosa langu, na mimi nikanyamaza maisha yangu yote. Nisamehe."

 Kisha mdomo wake ukaanza kucheza.

"Kaka Mrisho. Debe ngapi?"

"Moja."

"Moja tu?" Akatafuta kiti akakaa. "Baba alikuwa na matatu."

"Matatu wapi?"

"Kwenye sanduku la zana."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa yote kwa pamoja: kofi la mkono, spana iliyobaki karakana, nati tuliyoikaza kwa jiwe. Heshima ya kazi! Zuhura alikuwa anacheka machozi yanamtoka, wanawe wakimuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Mama yake, akasema, alikuwa akiuza asali Morogoro kila mwezi, na mkaguzi angeanza kuuliza habari za asali angefungua sanduku, na sanduku likifunguliwa kazi imekwisha. Uzembe ulikuwa na nafuu.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Miaka yote ile! Nilikuwa sipati usingizi!"

"Tulimwambia akwambie. Kila Idi kanzu ikifika, mama anamwambia, mwandikie huyo mtoto wa watu ukweli. Baba anaishika ile kanzu, anashusha pumzi, anasema, 'Msimwambie Mrisho. Kanzu zitakatika.'"

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, nikazihesabu zile kanzu zote kichwani, na tarizi zake. Kisha Zuhura akanishika bega. "Lakini angeweza kukutaja, Kaka," akasema. "Angesema tu ni debe la kijana huyu, mkaguzi angekufukuza wewe na asingetafuta zaidi. Hakukutaja." Hapo nikacheka, na katikati ya kucheka nikalia, na mwanawe wa kwanza akaniletea maji.

Daktari aliposikia kwamba huyu ni binti wa dereva Mlekwa, hasira zote zilimwisha. Alimpa mkono kwa mikono yote miwili. Akamuuliza, kalamu tayari, familia ilikuwa inasema nini juu ya lile doa. Zuhura akanitazama, akawatazama wanawe.

"Baba yangu hakuwa mzembe hata siku moja," akasema. "Kila safari yake ilikuwa na mpango."

Daktari akaliandika hilo kwa makini, akachukua kile kibao, akafuta neno uzembe kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliyekuwepo sikuaminika. Yeye aliyekuwa hajazaliwa akaitwa ushahidi wa familia. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haina hati.

Mfano ukarudi Buffalo. Daktari aliagiza nyuki watolewe, na debe, na ribiti zirudi kumi na saba, na doa liwe la mafuta. Mama Riziki akazibandika upya, akiimba. Sikubisha neno. Ila kabla sijastaafu nilitengeneza madebe matatu ya bati, madogo kama chembe za mtama, yenye vifuniko vilivyofungwa vizuri, nikayapanga ndani ya sanduku la zana nyuma ya tenda, nikalifunga kwa gundi.

Daktari alikuja mwenyewe kuuchukua mfano. Akaukagua kwa kioo ribiti kwa ribiti, akaridhika kwamba sasa kila kitu ni sahihi. Akafika nyuma ya tenda, akagusa mfuniko wa sanduku kwa ukucha, akaniuliza kama linafunguka.

Nikamtoa mkono, taratibu tu. Nikamwambia sanduku la dereva haliguswi.